Jibu: Methani iliyopanda kwenye mita 200, inatoka mlimani?

Salaam ndugu. Unauliza kama gesi ya methani iliyoyeyuka majini, ambayo kiwango chake ulikiona kikipanda kwenye kina cha mita 200, juu ya mlima wa chini ya bahari, inavuja mlimani. Anza na kina. Kati ya mita 100 na 300 ongezeko kama hilo huonekana hata kwenye bahari kuu isiyo na mlima, kwa sababu vijidudu huitengeneza humohumo majini. Linganisha na kituo cha kupimia kilicho mbali na mlima, lakini kwa msongamano (densiti) uleule wa maji, si kina kilekile, maana mlima huyapandisha na kuyashusha matabaka. Hapa usiharakishe! Kama methani inatoka kwenye chemchemi za moto za mlima, tafuta dalili nyingine: kwa kawaida huongeza pia manganizi (aina ya metali) na heliamu-3 (aina nyepesi ya gesi ya heliamu). Na sampuli ya maji ya kupimia gesi ichotwe mwanzo kabisa, kabla ya sampuli nyingine, bila kiputo cha hewa.