Simu niliyomnyang'anya mwanangu haikumlinda

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya mvua hapa Morogoro, kaka yangu alinipigia kutoka Mwanza. "Dada, laki mbili za haraka hivyo za nini? Unaumwa?" Sikuwa nimemwomba hata shilingi. Kumbe WhatsApp yangu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, anawaandikia ndugu zangu na wazazi wenzangu wa grupu la darasa, anawapa namba ya kutuma hela. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, hautushtui tena. Ila ukitoka kwa mtu unayemjua, juu kuna picha yake, wapo wanaotuma. Shemeji yangu alituma elfu hamsini.

Aliyefungua mlango ni mwanangu, darasa la nne, miaka kumi. Alikuwa akicheza gemu kwenye simu yangu, na mtu aliyecheza naye wiki nzima alimwahidi almasi za kununulia silaha humo humo kwenye gemu. Kwanza akamwomba namba ya simu, kisha akamtaka amsomee zile tarakimu sita zitakazoingia kwa meseji, ambazo ndizo WhatsApp huzituma mtu anapoifungua namba yako kwenye simu nyingine. Mtoto akasoma. Kwake yule hakuwa mgeni, alikuwa rafiki wa wiki nzima.

Nilifoka. Nikamnyang'anya simu, nikamwapia kwamba hataigusa mpaka amalize la saba. Usiku ule nililala nikiamini nimemlinda.

Miezi mitano baadaye mwalimu wake wa darasa aliniita. Mtoto anasinzia darasani, haandiki, mapumziko anakaa peke yake. Mwalimu yule, Mungu ambariki, hakumchapa wala hakumsimamisha mbele ya wenzake. Alikaa naye chini ya mwembe siku mbili tatu mpaka akasema. Alikuwa akicheza kwa jirani, kwenye simu ya kaka wa rafiki yake. Mtu aliyejitambulisha kuwa ni mtoto wa darasa la tano alimwomba picha akiwa kifua wazi, akatuma. Kisha akatakiwa picha nyingine, mbaya zaidi, la sivyo ile ya kwanza ingepelekwa kwa mama yake na shuleni. Wiki mbili mwanangu alitembea na mzigo huo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu huku anaangalia chini: "Ungenipiga, halafu nisingeshika simu tena."

Alikuwa amenielewa sawasawa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kusema kuna adhabu. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna ahadi moja iliyotangulia sheria zote: ukija kuniambia jambo la kwenye simu, hutapigwa na hutanyang'anywa simu kwa sababu ya kuniambia. Ahadi hii inajaribiwa kwenye mambo madogo kwanza. Mara ya kwanza alikuja na video chafu aliyoonyeshwa na mwenzake kwenye gari la shule. Damu ilinichemka. Nilimwambia asante, nikamuuliza aliona nini na alijisikiaje, kisha nikaenda kulia chumbani. Ningefoka siku ile, asingerudi tena.

Tulikwenda kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Nusura niharibu kila kitu kabla ya kufika, maana nilitaka kufuta mazungumzo yote kwa hasira. Msifute. Jina la akaunti, namba, saa na maneno ya vitisho ndivyo vinavyomsaidia askari, kwa hiyo peleka simu yenyewe kama ilivyo, na msiendelee kumjibu mtu huyo. Na picha ya mtoto isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi, hata kwenye grupu "ili watu wamjue huyo mhalifu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na kila anayeisambaza anamuumiza mtoto upya. Kama kituo kiko mbali au hujui uanzie wapi, piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na Kenya pia ni hiyo hiyo.

Ushauri mwingi ninaousoma unadhani kila mtoto ana simu yake. Wa kwetu wengi hawana. Wanatumia ya mama, ya dada wa kazi, ya kaka wa rafiki. Simu yenye hela yako, picha zako na WhatsApp yako ndiyo hiyo hiyo ya katuni. Kwa hiyo anza na ya kwako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, yaani namba ya siri ya ziada unayoichagua mwenyewe. Laiti ningeuwasha, zile tarakimu sita peke yake zisingetosha. Simu nyingi za Android zina kitu kinaitwa kubandika programu, kiko kwenye mipangilio ya usalama: unamfungulia mtoto gemu, unalibandika, na ukichagua simu iulize namba ya siri kabla ya kubandua, hawezi kutoka humo bila namba yako. Zima gumzo la ndani ya gemu. Namba ya siri ya hela asiijue. Kwetu gemu huchezwa sebuleni na usiku simu zote zinalala chumbani kwa wazazi, ya baba yao ikiwemo.

Kisha zungumza na jirani. Hili lilinipa aibu, lakini nilikwenda.

Shuleni nako kuna kazi, na nimeisema kwenye kikao cha wazazi. Picha za mahafali zinarushwa na sare, jina la shule na jina kamili la mtoto. Orodha ya darasa zima na namba za wazazi inatumwa kwenye grupu lenye watu mia na hamsini, na nusu yao hatujuani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tuliomba shule itafute ridhaa ya mzazi kabla ya kurusha picha, ikakubali. Na walimu wanaotumia vishikwambi darasani, tafadhali pakueni video nyumbani, mwionyeshe bila intaneti. Video inayofuata yenyewe hamjui italeta nini mbele ya watoto sitini.

Mwanangu sasa yuko la sita. Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nachambua mchele, akaja na simu yangu mkononi. "Mama, kuna mtu ananiuliza nasoma shule gani." Nikaufunika mchele, nikanawa, tukakaa kwenye mkeka tukaisoma wote wawili.