Chakula cha usiku nyumbani: bado tunapika, au ndiyo tunaacha hivyo?

Jumbe nyingi mlizonitumia mwezi huu zinazunguka jambo moja: familia kupika nyumbani na kula pamoja usiku. Wengine mnaona desturi hiyo inatutoka, wengine mnauliza mfanye nini ili isiwatoke. Nimezifupisha baadhi na kuzijibu moja baada ya nyingine.

Swali: *Habari za kazi, dada. Mimi nafanya kazi Posta, mume wangu yuko Kariakoo, na tunaishi Kibamba. Tunafika nyumbani saa mbili na nusu usiku, siku nyingine saa tatu. Watoto wameshakula na dada wa kazi na wamelala. Sisi tunakula kilichobaki, kila mtu kwa wakati wake. Nilikulia Morogoro na tulikula wote kila jioni. Je, sisi ndio tunaoizika desturi hii?*

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Usijibebeshe lawama ya barabara. Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 4.36 Dar es Salaam; ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Ni nyongeza ya watu milioni moja katika miaka kumi, na wengi wamejenga kule walikoweza kumudu kiwanja: Kibamba, Chanika, Chamazi, Bunju. Kazi zimebaki mjini kati. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yaliishia Kimara, na wewe unajua safari iliyobaki kutoka pale. Mnatoka gizani, mnarudi gizani. Muda ule wa katikati, ambao zamani ulikuwa wa kupika na kukaa, umeliwa na foleni.

Linganisha na huko Morogoro. Kama mzazi wako alikuwa mtumishi wa serikali, alitoka kazini saa tisa na nusu alasiri, na nyumbani palikuwa mwendo wa baiskeli. Saa kumi na moja mboga ilikuwa jikoni. Wazazi wako walikupenda, lakini pia walikuwa na saa kadhaa ambazo wewe huna.

Kwa hiyo msiwaamshe watoto saa tatu ili mtimize desturi. Mtoto wa shule anayepitiwa na basi saa kumi na moja alfajiri anahitaji usingizi kuliko anavyohitaji kukuona ukitafuna. Fanyeni mawili. Kwanza, ninyi wawili mkifika, kaeni mle pamoja, hata kama ni ugali wa kwenye hotipoti na mboga iliyopoa. Hilo la kila mtu kwa wakati wake ndilo linalonipa wasiwasi zaidi katika barua yako. Pili, chagueni mlo ambao hautahamishwa na chochote: Jumamosi usiku, au Jumapili mchana baada ya ibada. Watoto washiriki kuupika, si kuitwa tu kikiwa tayari.

Swali: *Asalaam aleikum mwanangu. Nimetoka Pangani kuja kumtembelea mwanangu hapo Dar. Mkwe wangu ananunua chipsi na mishikaki mara tatu kwa wiki, na siku nyingine kijana wa bodaboda analeta chakula mlangoni. Jiko analo, friji analo. Enzi zetu hiyo ilikuwa aibu. Nimwambieje nisije nikavunja nyumba ya watu?*

Jibu: Waaleikum salaam, na shikamoo bibi. Naomba kabla hujasema neno, umtazame jioni moja tangu anapoingia mlangoni.

Chukua mboga moja tu, mchicha wa nazi. Fungu la sokoni lina majani yaliyoliwa na wadudu na mizizi yenye udongo, kwa hiyo kuna kuchambua. Kuna kuosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkono usiguse tena mchanga chini ya beseni. Kuna kukatakata. Kuna nazi: kuivunja, kuikuna, kukamua tui zito, kukamua tena tui jepesi. Halafu kitunguu na nyanya. Ugali bado haujasongwa, samaki hajaparwa, na mtoto ameshika daftari anauliza hesabu. Ni saa nzima na zaidi, na mwenye kuifanya amekuwa kwa miguu tangu alfajiri.

Wewe bibi hukuifanya kazi hiyo peke yako. Kulikuwa na aliyekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mwingine na ungo wake anapeta mchele, wifi yuko kwenye moto, mtoto kapelekwa kisimani. Jiko la mkweo lina mikono miwili. Na mwanao, aliye mume wa nyumba ile, yuko wapi saa hizo? Mwite yeye kwanza. Maneno ya mama kwa mwanawe hayavunji nyumba.

Nitasema wazi ninachoamini: chipsi hazijaua chakula cha nyumbani. Chakula cha nyumbani kinakufa pale kazi yake yote inapoachiwa mtu mmoja, na wengine wote wakabaki kuwa walaji na wahakiki. Nikiona nyumba ambako baba anamenya vitunguu na mtoto anachambua mchele, sijali hata kidogo kama Ijumaa wananunua kuku wa kukaanga.

Wasiwasi wako wa afya lakini una msingi. Mafuta ya kukaangia yakitumika siku nenda rudi si mazuri, chumvi ni nyingi, na kwenye sahani ile mboga ya majani haipo, labda kachumbari kidogo. Mara tatu kwa wiki ni nyingi kwa watoto. Njia ya kati ipo: wanunue kile kinachokula muda, kama chapati za yule mama wa mtaani, wapike nyumbani mboga peke yake. Na maadam bibi upo, samaki wa kupaka wa kwenu Tanga mfundishe mjukuu, wa kike na wa kiume.

Swali: *Tukipika wali mwingi usiku ili uliwe asubuhi na chai, ni salama?*

Jibu: Inategemea wali wenyewe umelala vipi. Kwenye mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu usiku kucha katika joto la pwani, vinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka ukafuka moshi. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingize kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, uule kesho yake ukiwa umepashwa ukawa moto hasa. Kama huna friji, pika wa kumalizika. Na mboga ya nazi iliyolala nje mwage bila huruma.

Swali: *Sisi ni familia yenye asili ya Unguja, tunaishi Muscat. Usiku kila mtoto anaagiza chakula chake kwa simu: huyu baga, yule shawarma. Tunakutana wote Ijumaa mchana tu, na mwezi wa Ramadhani. Mama yangu anasema tumeshapotea. Tumepotea kweli?*

Jibu: Hamjapotea, na mama ana haki ya kuogopa, nampa pole.

Mkumbushe jinsi nyumba nyingi za Unguja zilivyokula. Chakula kikubwa kilikuwa cha mchana: wali, mchuzi wa samaki, mboga. Usiku palikuwa na chai, mkate wa kumimina au maandazi, pengine kiporo cha mchana. Na hata hicho cha mchana, mara nyingi wanaume walikuwa na sinia lao na wanawake lao. Bara nako, katika nyumba nyingi baba alitengewa chakula chake sebuleni, mama na watoto wakala jikoni. Picha ya baba, mama na watoto wakizunguka meza moja saa moja usiku haikuwa ya kila nyumba. Tulichokuwa nacho ni sufuria moja kwa wote, lililopikwa na mtu aliyejua nani hali pilipili na nani anaumwa.

Ijumaa yenu ina vyote hivyo. Ilindeni kwa nguvu. Asiwepo mtu wa kuagiza kingine, wala wa kula haraka akaondoke. Tena wapeni watoto zamu: wiki hii mmoja achague na apike pamoja na bibi, biriani au wali wa nazi na pweza, wiki ijayo mwingine. Kuhusu Ramadhani, angalieni mnachofanya mwezi ule. Watu wale wale wenye shughuli nyingi wanafika nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, wanakuta mihogo, tambi na kalimati, wanakaa. Muda unapatikana kwa sababu wote mmekubaliana kwamba saa ile haina kazi nyingine. Baada ya Idi jaribuni kubakiza siku moja kama hiyo, Jumatatu kwa mfano, hata kama kilichopo ni supu na mkate.

Swali: *Mwalimu wa mwanangu alituambia kwenye kikao cha wazazi kwamba watoto wanaokula na wazazi wao wanafaulu zaidi na hawaingii kwenye dawa za kulevya. Ni kweli? Na simu mezani je?*

Jibu: Mwalimu hakutunga. Tafiti nyingi, hasa za Marekani, zimekuta mambo hayo yakienda pamoja. Lakini kwenda pamoja si kusababisha. Mwaka 2012 watafiti wawili, Kelly Musick na Ann Meier, walichambua takwimu za vijana wa huko na wakaona kwamba ukizingatia uhusiano wa mzazi na mtoto na hali ya maisha ya familia, sehemu kubwa ya tofauti ile inapungua. Familia yenye kipato na amani inapata pia nafasi ya kula pamoja.

Kwa hiyo mzazi wa zamu ya usiku, mlinzi au muuguzi, asiambiwe kwamba anamharibu mwanawe. Ambaye hawezi usiku, aongee na mtoto wakati wa kumpeleka kituoni au wakati wa kufua Jumamosi. Mlo ni nafasi rahisi tu, kwa sababu kila mtu lazima ale.

Simu iwekwe chumba kingine, kuanzia ya baba. Kijana hatatii amri ambayo mzee wa nyumba anaivunja akiwa na tonge mkononi. Na muda huo usiwe wa kukagua matokeo ya mtihani. Mtoto akijua kwamba kila akikaa kula atasemwa, atajifunza kusema ameshashiba.

Swali: *Mimi ni kijana, naishi bedsitter huku Kasarani, Nairobi. Nikihesabu gesi, unga, sukuma na mafuta, naona afadhali kibandani. Kupikia mtu mmoja kuna maana?*

Jibu: Ndugu yangu, ugali na maharagwe ya kibandani ni chakula cha maana, kimepikwa na mtu kwenye sufuria. Usione haya. Ila jifunze mapishi matatu au manne uyajue vizuri, na mara moja kwa wiki mgonge mlango jirani yako, yeye alete unga, wewe ulete mboga. Gharama inapungua kwa wote wawili.

Swali: *Maharage yananimalizia gesi, ndiyo maana siku hizi sipiki. Nirudi kwenye mkaa?*

Jibu: Usirudi. Moshi wa jikoni unaumiza mapafu, na msitu unaokatwa ni wetu. Serikali yenyewe, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034.

Loweka maharage asubuhi kabla hujatoka, au usiku wa jana yake. Mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, hasa maharage mekundu, kwani yasipoiva vizuri yanavuruga tumbo. Chemsha kilo nzima Jumapili, gawa kwenye makopo matupu ya aiskrimu, gandisha. Siku ya kazi unaunga tu, dakika ishirini. Kama una umeme na unaweza kudunduliza, nunua sufuria la presha la umeme: maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja.

Swali: *Shikamoo. Nina miaka 14, ni wa kiume, naishi Mbagala. Mama anarudi saa mbili usiku amechoka halafu anaanza kupika. Nataka kumsaidia lakini sijui kitu, na wenzangu watanicheka. Nianze na nini?*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waache wacheke. Wapishi wa hoteli nyingi unazozipita mjini ni wanaume, na baba lishe wapo kila soko.

Mwombe mama akuoneshe jiko kwanza. Fungua dirisha. Kama jiko halina swichi ya kuwashia, kiberiti kiwake kabla hujafungulia gesi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe chochote, hata taa. Funga mtungi, toka nje, muite mtu mzima.

Wiki ya kwanza usipike, andaa tu. Saa kumi na mbili jioni chambua mchele, menya kitunguu, kata nyanya, osha mchicha. Mama akifika atakuta nusu ya kazi imekwisha.

Wiki ya pili, wali na mayai ya nyanya. Mchele vikombe viwili, maji vikombe vitatu, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kidogo. Maji yakichemka tia mchele, funika, moto uwe mdogo kabisa, usifunuefunue. Pembeni kaanga kitunguu kimoja mpaka kilainike, tia nyanya tatu, acha zipondeke na maji yakauke, halafu vunjia mayai manne, koroga taratibu. Funika vyote. Mama akifika msubiri anawe, kisha pakua sahani mbili na ukae naye.