Taa ya Oili Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Pampu

Msomaji mmoja ana Toyota Fielder ya injini 1NZ-FE. Ameandika kwamba taa nyekundu ya oili inawaka akisimama kwenye foleni, akikanyaga mafuta inazima, na fundi keshamtuma dukani akatafute pampu. Ndugu yangu, hiyo hela iweke mfukoni kwanza. Pampu ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Zima injini, subiri dakika 5, chomoa kijiti upime. Injini hii inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi nayo ni shida: krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halijengi presha.

Kama kiwango ni sawa, tafuta geji. Hapa ndipo mafundi wengi wanaponiudhi, maana geji ya presha ya oili ni kifaa cha kawaida kabisa, lakini wanapima kwa sikio. Fungua swichi ya presha kwenye bloku, funga geji yenye uzi wa PT 1/8, washa gari mpaka injini ipate moto sawasawa, ndipo usome. Kipimo cha mtaani ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika: kwenye 3,000 tarajia 30 au zaidi. Geji ikisoma vizuri huku taa inawaka, mbovu ni swichi au waya wake. Presha ikiwa nzuri asubuhi halafu ikaporomoka injini ikipata moto, shuku oili nyepesi au beringi za krenki zilizolika. Ikiwa chini muda wote, baridi na moto, hapo ndipo tuzungumze habari za chujio la sampo (wavu ulio ndani ya bakuli la oili chini ya injini, si filta), vali ya presha (inayoachia presha ikizidi) na pampu yenyewe. Mshale ukitetemeka, kuna hewa inaingia upande wa kuvuta, mara nyingi kwenye gasketi au oringi ya chujio.

Na tafadhali, usikubali kumwagiwa oili nzito ili "presha ipande". Itapanda wiki mbili, beringi zitaendelea kuliwa, na siku injini ikinoki (ikianza kugonga) utalipia overhauli nzima.

Ukimwaga oili, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vipande vinavyonata kwenye sumaku ni chuma. Vinavyong'aa kama shaba na sumaku haivigusi vimetoka kwenye beringi, na pampu mpya haitavirudisha. Tope jeusi linaloganda kama ugali wa jana ni la oili isiyobadilishwa kwa wakati. Hilo ndilo linaloziba chujio.

Sasa tuseme pampu kweli imekwisha. Kwenye 1NZ imejengwa ndani ya kava la cheni ya taimingi, kwa hiyo ni kazi ya siku nzima: mkanda, pampu ya maji, injini maunti ya kulia na puli ya krenki, ambayo bolti yake hurudishwa kwa Nm 128. Kabla ya kuifunga pampu mpya, ifungue uitazame. Alama za rota (magurudumu ya ndani yanayosukuma oili) zielekee upande wa kifuniko. Pistoni ya vali ya presha ipake oili uidondoshe tunduni: ishuke kwa uzito wake tu. Ikikwama, irudishe dukani hata kama boksi lina maandishi ya Kijapani.

Silikoni ya kuzibia kava ndiyo inayoua pampu mpya. Weka mstari mwembamba wa milimita 3 hadi 4, basi. Ile inayofinywa kwa ndani hukatika, huelea, kisha hukaa kwenye chujio. Ukishapaka funga kava ndani ya dakika 3, na usijaze oili kabla ya saa 2. Kava likigoma kuingia usilivute kwa bolti wala nyundo. Geuza rota ya ndani mpaka ishikane na krenki, la sivyo utaipasua.

Usiiwashe kavu. Jaza rota oili, au paka Vaseline tupu ambayo huyeyuka. Grisi ya beringi za matairi usiiguse. Toa plagi zote, chomoa soketi za injekta, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia, mpaka mshale wa geji uinuke. Ndipo urudishe plagi uwashe. Taa isipozima ndani ya sekunde chache, zima hapo hapo.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili hiyo na ukate kopo la filta ukague karatasi yake. Tumia mkasi wa bati. Ukitumia msumeno, unga wake utaingia humo na utadhani injini inajila.