Wasomaji Wauliza: Mchanga wa Usangu, Upepo wa Makambako

Ukurasa huu mwezi huu tumeuachia udongo wa kichanga, maana maswali yake yamekuwa mengi kuanzia Mbarali hadi Njombe. Majibu yameandaliwa na wataalamu wetu wa udongo.

SWALI: Shamba langu lipo Igawa. Bwana shamba alipita, akaandika kwenye fomu kwamba udongo wangu ni Arenosoli. Jirani anasema mchanga huu uliletwa na upepo, kwa sababu kila Agosti na Septemba unapeperuka hadi mlangoni. Nimwamini nani? — Mkulima, Igawa

JIBU: Ndugu mkulima, hayo ni mambo mawili tofauti.

Arenosoli ni kundi mojawapo katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, WRB. Ili udongo uingie humo, sharti uwe wa kichanga kuanzia juu hadi sentimita 100. Tabaka zenye chembe laini zaidi, ukizijumlisha zote, zisifike sentimita 15, na changarawe na mawe visifike asilimia 40 ya ujazo. Rangi haiulizwi. Aliyeuleta mchanga, awe mto au upepo, naye haamui kundi. Kwa hiyo kama bwana shamba aliangalia uso wa shamba tu, jina hilo bado halijathibitika.

Chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina mita 1.2, ukuta mmoja ukielekea jua. Udongo uliotoka utupe mbali na ukingo, angalau nusu mita, kwa sababu kichanga huporomoka bila taarifa. Kisha chukua konzi moja kila baada ya sentimita 20 kwenda chini. Lowesha kila konzi kidogo kidogo, kanda, finyanga tonge, halafu lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoke utepe. Mchanga mtupu haushiki tonge, na vidole vinabaki safi. Mchanga wenye mfinyanzi kidogo hushika tonge, lakini utepe hukatika kwenye milimita 5 hivi. Utepe ukifika milimita 15 hadi 25, hapo umeshaingia kwenye tifutifu kichanga, na tabaka hilo huhesabiwa katika zile sentimita 15.

Ukitaka uhakika zaidi, jaza theluthi ya chupa ya lita 1 kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, tikisa kwa dakika 10, kisha iweke mahali isipoguswa. Kinachotua ndani ya dakika 1 ni mchanga. Weka alama kwa kalamu. Weka nyingine baada ya saa 2, ambapo silti nyingi, yaani chembe za ukubwa kati ya mchanga na mfinyanzi, imekwisha kutua. Mfinyanzi utaendelea kutua kwa siku moja au mbili. Kosa la kawaida ni kutikisa kwa dakika moja tu. Madonge ya mfinyanzi yasipovunjika, yanatua pamoja na mchanga na kukudanganya.

Kuhusu upepo, jirani yako hajakosea kabisa. Uwanda wa Usangu umejengwa hasa na mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere: Ruaha Mkuu, Chimala, Kimani, Mbarali. Mto ukifika tambarare hupunguza kasi, mchanga mzito ukatua karibu na milima na matope yakaendelea kuelekea kinamasi cha Ihefu. Upepo wa kiangazi huja baadaye, ukauhamisha mchanga wa juu. Ukuta wa shimo utakuonyesha tofauti. Mchanga wa upepo una chembe zinazokaribiana ukubwa, nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.5, na chini ya lenzi ya kukuza mara 10 uso wa chembe umefifia kama kioo kilichosuguliwa. Mchanga wa mto huchanganya ukubwa wa kila namna, una vipande vya maika vinavyometa, na mara nyingi una mkanda wa mfinyanzi katikati. Ukikuta kokoto za ukubwa wa punje ya mahindi kwenye sentimita 60, hizo hazikuletwa na upepo. Na ukiukuta ule mkanda wa mfinyanzi, shukuru: ndio utakaokushikia maji.

SWALI: Udongo wangu mwekundu nikiushika ni kama mchanga, lakini maabara imeandika mfinyanzi asilimia 55. Wamekosea? — Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana. Katika udongo mwekundu uliozeeka, oksidi za chuma hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa punje ngumu ndogo zinazokwaruza kama mchanga. Lowesha na ukande dakika 2 au zaidi bila kuchoka, utaona tonge linazidi kunata kadiri punje zinavyovunjika. Mchanga halisi haubadiliki hata ukikandwa mpaka jioni. Maji nayo hupita haraka katika udongo huo, ndiyo maana wengi huuita kichanga, lakini mbolea na chokaa vyake havipimwi kwa kanuni za kichanga.

SWALI: Huku kwetu tukichimba msingi tunakuta tabaka la punje nyeupe, nyepesi, zenye matundu. Nalo ni mchanga wa upepo? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Itupe punje moja kwenye ndoo ya maji. Ikielea, ni pumisi, povu la volkano lililoganda. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa takribani miaka 4,000 iliyopita na kumwaga pumisi hiyo kutoka angani. La kustaajabisha ni kwamba watafiti waliochunguza jinsi ilivyotapakaa wamegundua kuwa wakati ule upepo ulikuwa karibu umetulia. Jivu la volkano likioza huzaa Andosoli, udongo mwepesi wenye uzito wa gramu 0.9 au chini ya hapo kwa sentimita moja ya ujazo, wakati kichanga hufika gramu 1.5 hadi 1.7. Andosoli hukamata fosforasi kwa nguvu, hivyo weka mbolea ya kupandia kwenye mfereji karibu na mbegu, usiirushe shamba zima.

SWALI: Wanafunzi wangu wameniuliza kuhusu neno Psamenti katika kitabu cha Marekani. Je, ni Arenosoli hiyo hiyo? — Mwalimu, Isimani

JIBU: Zinakaribiana sana, Mwalimu. Mfumo wa Marekani huweka udongo wa umri mdogo, usio na tabaka zilizokomaa, katika oda ya Entisoli. Ule wa kichanga ndani yake huitwa Psamenti. Mfano mzuri ni udongo uitwao Valentine, katika vilima vya mchanga vya Nebraska. Eneo hilo, lenye takribani kilomita za mraba 50,000, ni matuta yaliyojengwa na upepo na sasa yameshikwa na nyasi. Jina lake la kitaalamu ni Ustipsamenti: kichanga cha mahali penye unyevu wa msimu na ukame wa msimu. Tabaka la mboji ni jembamba, na chini yake ni mchanga mtupu. Nyasi zikiondolewa kwa malisho ya kupita kiasi, upepo hufukua mashimo ubavuni mwa matuta. Waelezeni wanafunzi kwamba mfumo huo hupima pia joto la udongo. Nebraska udongo wake huwa na wastani wa nyuzi 8 hadi 15 kwa mwaka. Palipo na nyuzi 22 au zaidi, familia ya udongo hubadilika hata kama mchanga unafanana.

SWALI: Nalima mahindi ya kumwagilia. Nafungulia maji mengi mara moja kwa wiki na naweka urea mifuko 2 kwa ekari, lakini mahindi yanageuka njano. — Mama mkulima, Rujewa

JIBU: Pole, Mama. Maji unayoyafungulia ndiyo yanayoondoka na urea yako.

Kichanga hushika maji yanayofaa mmea milimita 40 hadi 80 tu kwa kila mita ya kina; tifutifu hushika 150 au zaidi. Tuchukue 60. Mizizi ya mahindi ikiwa imefika sentimita 60, ghala lako ni milimita 36. Usisubiri liishe, tumia nusu: milimita 18. Mahindi makubwa hunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo siku ya 3 maji yanatakiwa tena. Milimita 18 ni lita 18 kwa mita ya mraba, karibu lita 73,000 kwa ekari. Ghala likiwa limepungua milimita 18 hizo, ukimwaga milimita 40 kwa mkupuo, zaidi ya nusu huzama chini ya mizizi, na naitrojeni hushuka nayo. Siku 4 za mwisho wa wiki mmea unakaa na kiu, kisha unafurikwa tena.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Igawe mifuko yako 2 mara 4, kilo 25 kila mara: wiki ya 2 au 3 baada ya kuota, mahindi yakifika magotini, yakifika kiunoni, na kabla tu ya kutoa mbelewele. Kwa mistari ya sentimita 75, ekari moja ina mistari yenye urefu wa mita 5,400 hivi, maana yake gramu 4.6 kwa kila mita. Watu hupima kwa kifuniko cha soda. Ni sawa, lakini kwanza pima vifuniko 100 kwenye mizani ya dukani ujue kimoja kina gramu ngapi, kwa sababu urea ni nyepesi kuliko mbolea ya kupandia ya DAP. Fukia sentimita 5, kisha mwagilia kidogo. Ikiachwa juu, sehemu yake hupaa hewani kama amonia.

Samadi iliyoiva, tani 4 kwa ekari, itasaidia zaidi hapo kuliko mahali pengine, kwa kuwa kichanga chenyewe kina uwezo mdogo mno wa kushika virutubisho na mboji ndiyo inayoubeba mzigo huo. Chokaa usiweke kwa kukisia. Kichanga huhitaji kidogo, na ukizidisha, zinki hujifungia. Peleka sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole: vijisampuli 15 vya udongo kutoka pembe mbalimbali za shamba, kina sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, chukua nusu kilo. Usiibebe kwenye mfuko uliokuwa na mbolea.

SWALI: Naweza kulima mpunga kwenye kichanga hicho? — Kijana, Chimala

JIBU: Si wa kufurikisha maji, isipokuwa shimo likuonyeshe mfinyanzi mzito karibu na uso. Kuvuruga tope hakuzibi matundu ya mchanga.

SWALI: Upepo unafukua mbegu na kukata miche ya maharage. Matuta niliyoinua yamepeperuka yote. — Msomaji, Makambako

JIBU: Kinachokata miche ni chembe zenyewe. Upepo ukifika kasi ya mita 6 hivi kwa sekunde kwenye kimo cha sentimita 30, chembe za milimita 0.1 hadi 0.5 zilizolegea huanza kurukaruka, nyingi zikibaki chini ya kimo hicho hicho. Kila inayotua hurusha nyingine. Zilizo ndogo zaidi huondoka kabisa kama vumbi, zikichukua mboji, na shamba linalobaki ni la kukwaruza zaidi kila mwaka.

Matuta husaidia udongo unaoshika mabonge. Kichanga kikavu hakina bonge, hivyo tuta linakuwa rundo lililo tayari kupeperushwa. Kinga yako ni mabaki ya mazao: funika angalau asilimia 30 ya uso, na mabua yaliyosimama kimo cha sentimita 30 hufanya kazi kuliko yaliyolala. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mabua huchomwa au huliwa na ng'ombe mara tu baada ya mavuno, na kiangazi chote shamba linabaki uchi. Kubalianeni na wafugaji mapema, hata kwa kuwakatia sehemu ya juu ya mabua.

Kwa muda mrefu, panda miti. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mistari ielekee kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Ukingo wa miti hulinda umbali wa takribani mara 10 ya kimo chake: grevilea za mita 6 zitalinda mita 60 hivi. Upepo upite kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ndani ya mstari. Ukuta mzito wa miti huangusha upepo kwa vishindo upande wa pili, na pengo moja katikati huukusanya na kuuzidisha kasi. Mikaratusi iweke mbali na mazao, hunywa sana. Miti ikingali midogo, panda mistari miwili ya majani ya tembo upande unakotoka upepo.