Wakikukata kwenye tamthilia, rudi jukwaani

Juzi usiku mdogo wangu mmoja ameniandikia: "Dada, wamenitoa kwenye tamthilia baada ya vipindi viwili, eti sura yangu haina mvuto. Niache kuigiza?" Usingizi ulikata. Maneno hayo nami niliambiwa.

Nilifika lokesheni alfajiri nikamkuta msichana mwingine amevaa gauni langu, lile la kijani nililopunguziwa kiunoni kwa vipimo vyangu. Mwongozaji akanipita kama hanijui. Nimesamehe, lakini nguo ya kijani sijavaa tena.

Kilichoniinua ni maisha ya mwigizaji Lillian Gish. Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1893. Baba aliwatelekeza, mama akaingia jukwaani ili wanawe wale, na Lillian na mdogo wake Dorothy wakaigiza tangu utotoni. Mwaka 1912 mwongozaji D. W. Griffith akawaingiza kwenye filamu zisizo na sauti. Katika filamu ya Way Down East ya 1920 alilala juu ya pande la barafu linaloelea mtoni, mkono na nywele vikiburuzwa majini. Hakulazimishwa, wazo la kuuacha mkono majini lilikuwa lake. Vidole vile vilimsumbua hadi uzeeni. Halafu filamu yake The Wind ya 1928 ikakosa watazamaji, akaachana na kampuni ya filamu ya MGM, na sinema za sauti zikaja na nyota wapya.

Unajua alikwenda wapi? Jukwaani, alikotoka. Mwaka 1930 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika Uncle Vanya, tamthilia ya Mrusi Chekhov, na 1936 akawa Ofelia katika Hamlet ya Shakespeare, mwigizaji John Gielgud akiwa Hamlet. Filamu zilimrudia baadaye, na ya mwisho ilitoka 1987, mwenyewe ameshapita miaka 90!

Basi nami nilirudi. Tuliigiza sokoni bila kipaza sauti, hadi nikajua kuifikisha sauti kwa mama muuza ndizi wa mwisho kabisa, aache kuhesabu chenji anitazame. Mwezi uliopita nimesimama peke yangu jukwaani saa nzima, na ukumbi ulijaa.

Kwa hiyo mdogo wangu, acha kuhesabu wafuasi mtandaoni. Jukwaa halikuulizi sura, linakuuliza pumzi. Fanya mazoezi. Kisha fanya tena. Ukiitwa hata uigize bibi kikongwe wa mistari miwili, nenda.

Jumamosi sisi tunaanza mazoezi saa tatu asubuhi. Njoo na kanga ya kujifunga na maji ya kunywa.