Masingini: kilima, maji na mvule. Majibu kwa wasomaji

Nasikia Masingini ndipo juu kabisa Unguja. Mbona hapaonekani kama mlima? (Msomaji, Bububu)

Ni kweli, kilima hiki chenye msitu wa hifadhi ndicho kirefu kuliko vyote Unguja, lakini juu yenyewe ni kama mita 120 tu kutoka usawa wa bahari, na mgongo wake unapanda pole pole. Unguja ya magharibi ni ya vilima vya namna hii, vyenye udongo wa kina. Ukielekea mashariki unaingia maweni na uwanda, jiwe la matumbawe lenye udongo haba juu yake. Ndiyo sababu mikarafuu ilishika upande huu, kule isishike.

Miti hunywa maji mengi. Ikikatwa, si chemchem zitaongezeka? (Msomaji, Kianga)

Suali zuri, maana nusu yake ni sahihi: mti hunywa. Lakini shika kiganja cha udongo chini ya mti mkubwa pale Masingini. Juu kuna majani makavu, chini yake majani yaliyooza nusu, kisha udongo wenye matundu ya mizizi na minyoo. Mvua ya masika ikipiga hapo huzama, ikashuka taratibu ndani ya kilima, na kutokea chini, upande wa Mwanyanya na Bububu, hata kaskazi inapokausha kila kitu.

Ukiacha udongo wazi, matone huutwanga, vumbi laini huziba yale matundu, na maji hukimbia juu juu yakichimba makorongo. Kwa hivyo kijito kitafurika Aprili na kupwaya Februari, na mtu hahitaji maji Aprili. Sultan Barghash (1870–1888) alipoupelekea mji maji kwa mabomba, aliyatoa kwenye chemchem za upande huu huu.

Wanaosema visima vya pwani vitaziba pengo wazingatie kwamba huko maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Kwa hesabu ya wataalamu, maji matamu yakishuka mita 1, ya chumvi yanaweza kupanda mita 40. Kisima kikishaingia chumvi, kukisafisha ni kazi ya miaka. Tunaomba sana watu wa Kianga wasikubali panga lipande kilimani.

Miche yangu ya mvule inaota vivimbe kwenye majani na ncha, kisha inakauka. Ni ugonjwa gani? (Msomaji, Mwera)

Si ugonjwa, ni mdudu mdogo sana anayefyonza. Makinda yake hukaa ndani ya vile vivimbe. Vikipasuka huoza, ncha hufa, na mche hudumaa au hukauka. Hushambulia zaidi mvule ikipandwa peke yake, kwa wingi, juani.

Kata vivimbe vikiwa bado vibichi, kabla havijapasuka, uvichome moto. Ukivitupa chini wadudu watatoka tu. Miche iweke kwenye kivuli chepesi. Shambani ichanganye na miti mingine, usipande mvule na mvule ubavuni. Shimo la sm 45 kwa 45 linatosha, mwanzo wa masika. Penye mtelemko, udongo uliochimba uurundike upande wa chini kama tuta la nusu mwezi, maji yasikupite. Ndani ya msitu wa hifadhi usipande wala kukata bila idhini ya Idara ya Misitu.

Naweza kumpa kima punju ndizi mbivu? (Msomaji, Mtoni)

Hapana kabisa. Tumbo la kima huyu mwekundu wa Zanzibar lina vyumba vya kuchachusha majani na matunda mabichi. Sukari ya ndizi humvimbisha, na anaweza kufa. Kima punju wa msitu wa Jozani hula hata makaa, ambayo hupunguza sumu ya majani ya mwembe na ya mti wa mkungu. Anajua dawa yake.

Wanyama wa Unguja na Pemba ni wale wale? (Msomaji, Wete)

Sivyo. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na bahari iliposhuka zama za barafu ulikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba unafika kama mita 800, hivyo Pemba imekaa peke yake muda mrefu sana: ina ndege wanne wasiopatikana penginepo, popo wake mkubwa, na hata mti wake, mpapindi, wa jamii ya mnazi. Kima punju mnaowaona msitu wa Ngezi, huko Pemba, hawakutokea huko. Walihamishwa kutoka Unguja miaka ya 1970.