Netiweki haifiki chumbani kwangu, simu ya bei ya chini ndo imeniokoa

Ninapoishi netiweki inakufa ukishavuka mlango tu. Nje unapata mistari mitatu, sebuleni mmoja, chumbani hakuna kitu. Kuta ni zege nene na juu ni bati, na bati ni chuma, mawimbi ya simu yakigonga pale yanarudi yalikotoka. Miaka yote nilikuwa naongea na simu nikiwa nimesimama dirishani, na usiku ule mama alipolazwa ndugu zangu walinipigia mara saba sikupata hata moja, asubuhi natoka nje ndo meseji zote zinaingia kwa mpigo. Iliniuma sana ile siku. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba waifai ndani ninayo, usiku kucha ilikuwa inawaka hapo ukutani.

Watu wakaniambia si utumie WhatsApp. Natumia, lakini mama ana simu ya vitufe, daktari ananipigia kwa namba ya kawaida, na meseji za namba ya siri za benki zinakuja kwenye laini. Mi nilichokuwa nataka ni namba yangu ileile iite nikiwa kitandani, basi. Na hicho ndo kitu ambacho kupiga kwa waifai kunafanya: simu inapita kwenye intaneti ya nyumbani kwako, inatengeneza njia yake iliyofungwa kwa usiri mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya laini yako, inajisajili pale kana kwamba iko chini ya mnara. Anayekupigia hajui tofauti, hahitaji programu yoyote, hata awe na simu ya aina gani. Dakika zinakatwa kama kawaida kwenye kifurushi chako, kwa hiyo usitegemee kuwa ni bure, kampuni nyingi zinahesabu kama simu ya kawaida tu.

Nilikuwa naamini hii ni mambo ya simu za gharama, labda kwa sababu wengi tuliisikia iPhone zilipoipata na mfumo wake wa iOS 8 mwaka 2014. Kumbe kule Marekani kampuni ya simu ya T-Mobile walianza kuuza huduma ya namna hii 2007, tena kwa simu ndogo za kukunja. Siku hizi simu nyingi za chini kabisa za Android zinayo, kwa hiyo usikubali mtu akuambie lazima upande daraja.

Ila sasa hapa kwenye kununua ndo naomba unisikilize, maana mi nilipoteza hela. Simu ya kwanza niliyonunua boksi lilikuwa limeandikwa VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, na VoWiFi, yaani hiyohiyo ya kupiga kwa waifai, nikafurahi, nikafika nyumbani nikaweka laini, nikatafuta kwenye setingi, menyu yenyewe haipo. Nikazima nikawasha, nikairudisha kiwandani, haipo. Baadaye ndo nikaelewa kwamba simu kuwa na uwezo ni nusu tu, nusu ya pili ni kampuni ya laini iwe inaitambua simu hiyo na mfumo wa simu uwe na faili ya mipangilio ya kampuni hiyo. Ndo maana modeli moja, jina moja, rangi moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la sehemu nyingine inaweza kukosa kabisa hiyo menyu kwenye laini yako wakati ya jirani yako inayo. Muuzaji hakunidanganya, hata yeye alikuwa hajui.

Simu ya pili nikaenda na laini yangu mfukoni. Nikamwomba muuzaji niiweke, nikaunga simu kwenye hotspoti ya rafiki yangu, nikaingia setingi, upande wa laini au netiweki, nikatafuta palipoandikwa Wi-Fi Calling, kama simu iko Kiswahili utaona Kupiga simu kupitia Wi-Fi. Ikaonekana, nikaiwasha. Halafu nikafanya kipimo ambacho mpaka leo ndo nakiamini kuliko vyote: washa hali ya ndegeni, kisha washa waifai peke yake, ngoja kama dakika moja, piga. Ikiita ujue imeita kwa waifai kwa sababu njia nyingine haipo tena. Ikikataa usitoe hela.

Kwenye Android nyingi kuna pia ule ukurasa wa ndani wa *#*#4636#*#*, unabonyeza kama unapiga namba, unaingia kwenye taarifa za simu, unatafuta hali ya IMS, yaani ile mitambo ya kampuni inayobeba simu za 4G na za waifai. Ukikuta imesajiliwa na upande wa sauti kwa waifai inasema ipo, uko salama. Sio kila simu inaufungua lakini haugharimu kitu kujaribu. Na kabla ya hata kwenda dukani pigia huduma kwa wateja ya laini yako uwaulize modeli gani wanazikubali, kampuni nyingine zina orodha kabisa, na nyingine lazima wao wawashe huduma upande wao kwanza, unaweza kuhangaika na simu wiki nzima kumbe tatizo haliko kwako.

Kama unatumia laini mbili angalia vizuri hapo. Yangu ilikubali waifai kwa laini moja kwa wakati, ile ya pili ikabaki inategemea mnara, kwa hiyo namba ambayo familia wanaijua ndo niliipa nafasi hiyo.

Haya, imeshafanya kazi, wiki mbili za kwanza nilikuwa nafurahia, halafu ikaanza shida nyingine. Kila jioni naongea na mtu, mi namsikia vizuri kabisa, yeye anasema sauti yangu inakatakata. Nikalaumu simu, nikasema hii ndo bei yake. Lakini mchana haikatiki! Nikakaa nikafikiria, mbona inaharibika kwenda tu, kurudi iko sawa, ina maana njia ya kupandisha, yaani ya kutuma vitu kwenda mtandaoni, ndo imejaa. Na kweli, ilikuwa simu ya dada, akirudi jioni ikiingia tu kwenye waifai inaanza kupandisha picha na video zote za siku. Intaneti nyingi za nyumbani zina kasi kubwa ya kushusha na ndogo sana ya kupandisha, video mbili zikishika foleni pale sauti yangu inasubiri nyuma yao. Tukaseti picha zake zipande usiku wa manane, shida ikaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukikuta ni wewe tu husikiki, kabla hujalaumu simu uliza nani ndani ya nyumba anapandisha kitu.

Sauti yenyewe inakula kidogo sana, ni kama MB 1 hivi kwa dakika, kwenda na kurudi pamoja, intaneti yoyote ya kawaida inaiweza. Kinachoiua ni kuchelewa na kuyumba. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, ikizidi hapo mnaanza kuingiliana maneno, kila mmoja anadhani mwenzake amemaliza. Kwa hiyo ukipima kasi usiangalie tu namba kubwa ya kushusha, angalia ile ya milisekunde, yaani muda wa kuchelewa, na ipime ile saa ambayo wote wako nyumbani.

Halafu kuna hili la gigahezi, yaani masafa ambayo waifai inarushia. Simu nyingi za bei ya chini zina waifai ya 2.4 tu, hazina 5. Sio mbaya sana kwa sababu 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi, lakini ndo njia ambayo kila mtu yuko humo, ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth, hata maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa hayohayo, na mi nilithibitisha, ikiwashwa jikoni nikiwa karibu nayo sauti inapasuka. Ingia kwenye ruta uchague chaneli 1, 6 au 11 kwa mkono, ile ambayo majirani hawajajazana, hizo tatu ndo haziingiliani zenyewe kwa zenyewe. Na ruta isifichwe nyuma ya tivii au ndani ya kabati, iweke juu, katikati ya nyumba. Mi kuihamisha tu kutoka kona ya sebule kuja koridoni kulinisaidia kuliko setingi zote nilizochezea.

Kutembea ukiongea: ukitoka nje ya waifai simu inatakiwa ihamie kwenye mnara bila kukata, lakini hiyo inahitaji VoLTE iwe imewashwa na 4G iwe inashika pale unapotokea. Bila hivyo inakatika mlangoni. Kwangu inahama mara nyingi, sio mara zote, kwa hiyo nikiwa na simu ya maana natulia sehemu moja mpaka niimalize.

Chaji imekuwa bora, na hili sikulitegemea. Simu ikiwa na netiweki dhaifu inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike mnarani, kwenye 2G inaweza kufika hadi wati 2, wakati waifai inatumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Usiku naiacha kwenye hali ya ndegeni na waifai imewashwa, asubuhi inakuwa imeshuka kidogo sana, na meseji za kawaida zimeingia zote. Hakikisha tu kile kipengele cha kuokoa betri hakizimi waifai skrini ikilala, simu za bei ya chini zina tabia hiyo na utakuja kushangaa kwa nini hupatikani usiku.

Umeme ukikatika ruta inazima na wewe unapotea hewani palepale. Nimenunua betri ndogo ya ruta, ruta nyingi zinakula volti 12, soma nyuma ya adapta yako kwanza kabla ya kununua. Kwa mtu mwenye mgonjwa kwenye familia hiyo betri naiona ni ya lazima kama simu yenyewe.

Jambo zito ni simu za dharura. Ukipiga kwa waifai wanaopokea wanaweza wasione uko wapi, kwa sababu mnara haujahusika. Marekani kampuni zinakutaka uandikishe anwani yako kabla hata ya kuwasha huduma. Popote ulipo, ukipiga dharura neno la kwanza litaje mahali ulipo, usisubiri kuulizwa, na wafundishe watoto hivyohivyo.

Waifai za watu, hotelini au maofisini, usizitegemee. Nyingine zinataka ufungue ukurasa ukubali masharti kwanza, nyingine zimefunga milango namba 500 na 4500 ya mtandao (ports) ambayo ndo hii huduma inapita, intaneti inafanya kazi vizuri lakini simu haijisajili. VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine ya siri, nayo ikiwaka inaweza kuvuruga, izime ujaribu tena. Na ukisafiri nje ya nchi uliza kampuni yako kabla hujaondoka, kuna wanaokutoza kama uko nyumbani, kuna wanaoizuia kabisa.

Mwezi uliopita simu ilifanya apdeti usiku, asubuhi nikakuta ile alama ya waifai pembeni ya laini haipo, apdeti ilikuwa imezima ile swichi kimyakimya. Siku hizi kila baada ya apdeti nafanya kile kipimo cha hali ya ndegeni, nampigia mama, akipokea namwambia nilikuwa najaribu simu tu, naye ananiambia haya mwanangu, kwa kuwa umepiga basi tuongee.